Kutoka Baraza hadi Barza: Historia ya Mapambo ya Mbele ya Nyumba katika Milima ya Masisi

Watafiti wa Kiswahili wamezoea kuitazama pwani kuwa ndiyo mlango ambao maneno ya kigeni yalipitia kuingia katika lugha yetu. Safari ya upande wa pili, yaani ya maneno yaliyotoka pwani yakaenda bara na kupata huko maisha mapya, haijapewa uzito unaostahili. Neno baraza ni mfano mwema wa safari hiyo. Katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, neno hili limepoteza irabu yake ya katikati na kuwa barza. Na mtu asemapo kwamba mgeni yuko "ku barza", hana maana ya mkutano wala ya chombo cha serikali. Ana maana ya sehemu ya mbele ya nyumba, chini ya upenu, ambapo mgeni huketi kabla ya kukaribishwa ndani.

Makala haya yanakusudia kulifuata neno hilo kutoka Unguja na Lamu hadi Karuba, kijiji cha Masisi kilicho katika milima inayopandwa kwa barabara itokayo Sake na kupita Mushaki. Hata hivyo hatutaishia kwenye neno. Tutakitazama kitu chenyewe pamoja na mapambo yake: udongo unaosiribwa ukutani kabla ya mvua za Septemba, mawe ya kingo, maua na uzio wa miti hai, vyote vikiwa kazi ya mikono ya wenye nyumba wenyewe, bila fundi wa kulipwa. Tunadai kwamba huko Masisi pambo la mbele ya nyumba halikuwa kamwe jambo la urembo mtupu. Lilikuwa tamko la mwenye nyumba kwamba amekaa na anakusudia kuendelea kukaa, na lilitolewa katika nchi ambayo kwa miongo mingi swali la nani ana haki ya kukaa limemwaga damu.

Tuanzie pwani. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa lugha kilichochapishwa mwaka 1870, alilieleza baraza kuwa ni kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba au ukumbini, ambapo bwana wa nyumba hukaa hadharani na kupokea rafiki zake. Na kutokana na hapo, mkutano wa Sultani na watu wake. Maelezo hayo yana faida kwetu kwa sababu yanaonyesha mpangilio wa maana: kwanza kiti, kisha kikao. Wasomaji wengi wa leo, waliokulia na baraza la mawaziri na Baraza la Kiswahili la Taifa, wameugeuza mpangilio huo bila kujua. Katika nyumba za mawe za Unguja benchi hizo huambatana na ukuta, kulia na kushoto kwa mlango wa kuchonga, na husiribwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya matumbawe. Lamu wanayo daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Aliyepita mtaani aliyasoma mapambo hayo kama tunavyosoma anwani ya barua: aina ya mlango, weupe wa chokaa, upana wa benchi. Si ajabu kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka katika Al-Inkishafi kuonyesha jinsi dunia isivyodumu, alichukua mfano wa majumba ya Pate ambayo zamani yaling'aa kwa taa na baadaye yakawa makao ya popo. Nyumba iliyopambwa ikiachwa ni ushahidi ambao hauhitaji kufafanuliwa. Tutarudi kwenye jambo hili tukifika Masisi.

Misafara ya karne ya 19 ilichukua zaidi ya bunduki, shanga na nguo. Ilichukua pia namna ya kujenga na namna ya kukaa. Mwishoni mwa mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone huko Ujiji, wawili hao walikwenda kuketi kwenye jukwaa la udongo chini ya upenu mpana wa tembe. Stanley ameeleza kiti alichoonyeshwa: mkeka, juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine iliyopigiliwa ukutani nyuma ya mgongo ili aketiye asiguse udongo wenye baridi. Kwa maoni yetu haya ni miongoni mwa maelezo ya mapema na yenye manufaa zaidi kuhusu baraza ya bara. Hapa hapana matumbawe wala chokaa. Pana udongo, majani na ngozi. Umbo ni la pwani, vifaa ni vya mahali.

Kutoka Ujiji umbo hilo lilivuka Ziwa Tanganyika na kwenda Nyangwe na Kasongo, miji ya Waungwana kandokando ya mto Lualaba. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyetumikia Dola Huru ya Kongo katika vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Manyema, alistaajabu kuona Kasongo ulivyostawi. Katika kitabu alichotoa mwaka 1897 alitaja bustani za michungwa, mikomamanga na mananasi. Tukumbuke kwamba neema hiyo ilisimama juu ya migongo ya watumwa, na kwamba mwandishi huyo alikuwa katika jeshi lililouteka mji huo. Pamoja na hayo, ushahidi wake unatosha kuonyesha kwamba lugha iliyobaki Manyema baada ya vita, ambayo Wazungu waliiita Kingwana, ilibaki pamoja na nyumba zake. Wabelgiji walioshinda waliirithi lugha hiyo kuwa ya kuamrisha askari, vibarua na watumishi, na wakalirithi pamoja nayo neno walilolihitaji kila siku, kwa kuwa kila mmoja wao alijenga nyumba yenye veranda pana ya kukimbilia jua na mvua. Hivyo barza ikaingia katika Kifaransa cha Kongo na imo humo mpaka leo.

Hapa ndipo maana ilipopinda. Baraza ya Unguja ni mahali ambapo mwenye nyumba hushuka hadi kukutana na mtaa. Benchi yake iko karibu sawa na njia, na apitaye huweza kuketi bila kualikwa. Barza ya mtawala wa Kibelgiji iliinuliwa juu ya ngazi. Mzungu alikaa juu, mwenye shauri alisimama chini uani akiwa na kofia mkononi. Umbali wa ngazi tatu au nne ulitosha kugeuza mahali pa mazungumzo kuwa mahali pa amri. Walowezi waliopanda kahawa, chai na pareto na kufuga ng'ombe katika milima ya Masisi walijenga vivyo hivyo, na mbele ya barza zao wakapanda maua ya kwao yaliyopendezwa na ubaridi wa milima. Maua hayo hayakukaa sana ndani ya nyua za walowezi. Kana huota kutoka kipande cha shina la chini, na dalia kutoka kiazi chake. Mtunza bustani aliyerudi kwake jioni hakuhitaji zaidi ya mfuko mmoja wa koti.

Kabla ya hayo yote, wenyeji wa milima hii walikuwa na mbele ya nyumba yao wenyewe. Wahunde, ambao mamwami wao ndio waliokuwa na mamlaka juu ya ardhi ya Masisi, na jirani zao Wanyanga wa Walikale, hawakungoja msafara wa Manyema uwafundishe kwamba mgeni hapokelewi jikoni. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Wanyanga katika miaka ya 1950 na kuuchapisha utendi wa Mwindo mwaka 1969, ameeleza nafasi ya nyumba ya wanaume kijijini, mahali pa kuota moto, kupokea wageni na kukata mashauri. Kwa hiyo neno barza lilipofika lilikuta kazi yake ikiwa inafanywa tayari.

Wahamiaji kutoka Rwanda walileta mpangilio mwingine. Baada ya njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929, serikali ya Kibelgiji iliona kwamba inaweza kuua ndege wawili kwa jiwe moja: kupunguza msongamano wa watu Rwanda na kuwapatia walowezi wa Kivu vibarua. Shirika lililoundwa kwa kazi hiyo, lililojulikana kwa ufupisho wa MIB, lilianza mwaka 1937, na hadi mwaka 1955 lilikuwa limehamisha watu wapatao 85,000, wengi wao wakiwekwa Masisi, hasa katika eneo la Gishari lililomegwa kutoka katika ardhi ya Wahunde. Gishari ilipewa utawala wake, kisha utawala huo ukafutwa mwaka 1957. Mamwami wa Kihunde waliona ardhi ikitolewa juu ya vichwa vyao. Wahamiaji waliona kwamba wamepewa nchi na serikali iliyokuwa na uwezo wa kuitoa. Pande zote mbili zilikuwa na sababu, na mzozo uliofuata hauwezi kueleweka kwa kuuhesabu upande mmoja kuwa mwizi na mwingine kuwa mchoyo.

Mnyarwanda wa milimani huijenga nyumba yake ndani ya rugo, yaani ua uliozungukwa na uzio. Mlango wa uzio huo huitwa irembo, na uwanja uliofagiliwa mbele ya nyumba huitwa imbuga. Uzio huwa wa miti hai: umuyenzi, ambao waswahili wa pwani huuita mnyaa au mtupa, wenye utomvu mweupe unaoumiza macho, umuhati, ndugu wa masale ya Wachaga, na hapa na pale umuko, mti wa maua mekundu ambao katika ibada ya Ryangombe una heshima ya pekee. Umuko hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchanua ukiwa mtupu, hivi kwamba kati ya Julai na Septemba, ambapo majani ya mlimani yamekauka na vumbi limekaa juu ya kila kitu, ndio pekee unaong'aa mbele ya nyumba. Yaonekana kwamba pambo la kwanza la msimu liliwekwa na mti wenyewe, kabla mtu hajashika fagio.

Msimu huo unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndio wakati wa kazi tunayoizungumzia. Milima ya Masisi haina baridi ya theluji wala majani ya manjano ya vuli ya Ulaya. Ina mvua kubwa kuanzia Machi, kiangazi kifupi cha Juni hadi Agosti, na mvua za Septemba hadi Desemba ambazo Kinyarwanda huziita umuhindo. Kati ya mavuno ya kiangazi na mvua hizo kuna majuma machache ambayo udongo hukauka ukutani bila kuoshwa. Kila nyumba ya miti na udongo yapaswa kutengenezwa katika majuma hayo, ama isubiri mwaka mzima. Mahali ambapo Mzungu hutundika mapambo kwa kuwa mavuno yamekwisha, mtu wa Masisi hupamba kwa kuwa mvua inakuja.

Kazi huanza na udongo. Huchimbwa, hupondwa, hulowekwa pamoja na majani yaliyokatwakatwa, na kukanyagwa kwa miguu mpaka unate. Tabaka hili la kwanza huziba nyufa na mashimo yaliyoachwa na mvua zilizopita. Baada ya kukauka hufuata tabaka la pili, la udongo laini uliochekechwa na kuchanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe na majivu. Nyuzi za majani zilizomo katika samadi huushikilia udongo usipasuke, na ukuta hupata ngozi ambayo maji huteleza juu yake kwa muda. Kazi hii ya kusiriba ni ya wanawake. Hufanywa kwa kiganja, na mwendo wa kiganja huacha mawimbi ambayo mwenye macho hutambua mkono wa nani umepita. Upande wa mashariki ya Rwanda, katika Gisaka, wanawake waliendeleza ufundi huo huo wa samadi na udongo hata ukawa sanaa yenye jina, imigongo, yenye pembetatu na mistari iliyoinuka juu ya ubao au ukuta. Masisi haikufika huko. Lakini asili ni moja, na si haki kuiita kazi ya Gisaka sanaa ilhali ile ya Masisi yaitwa usafi.

Rangi huja mwisho. Nyeupe hutokana na ingwa, udongo mweupe unaochimbwa mabondeni na kuyeyushwa majini. Nyekundu na kahawia hutokana na udongo wenyewe. Nyeusi zamani ilitokana na masizi na makaa ya kusagwa, na baadaye na unga wa betri kuukuu za tochi, ambao ni sumu na haufai kushikwa na watoto. Mpangilio wake una hekima ambayo mpita njia anaweza asiione. Nyeupe hupakwa juu, na ukanda mweusi au wa kahawia hupakwa chini kuzunguka nyumba yote. Matone yaangukayo kutoka katika upenu huruka na matope na kuuchafua ukuta kiasi cha urefu wa goti. Ukanda mweusi huficha doa hilo. Pambo hapa limezaliwa na tatizo. Vivyo hivyo jukwaa la barza huzungushiwa mawe kwanza ili maji yasilile, na ndipo mtu hufikiria kuyapaka mawe hayo rangi nyeupe. Karibu na Goma mawe hayo ni ya volkeno, meusi na yenye matundu kama sifongo, na kila mlipuko wa Nyiragongo, mwaka 1977, 2002 na 2021, umewaongezea watu hasara ya nyumba na wingi wa mawe kwa pamoja.

Nyumba za mbao zilibadilisha kidogo desturi hii. Mikalitusi na misiprasi iliyopandwa wakati wa ukoloni ilitoa mbao, na bati likachukua nafasi ya majani. Ubao hausiribwi. Hupakwa mafuta machafu ya injini ili wadudu wasiule, nao huwa mweusi. Kisha fremu za mlango na madirisha hupakwa rangi ya kununua, kijani au buluu, kwa kuwa kopo moja dogo latosha fremu lakini halitoshi ukuta. Mtu anayedhani kwamba watu wa milimani wanapenda fremu za buluu kwa sababu ya mila fulani angeuliza kwanza bei ya rangi. Maua nayo yalihamia katika mikebe: ya mafuta ya kula, ya unga wa maziwa, ya rangi yenyewe ikiisha. Mkebe una faida moja juu ya bustani, nayo ni kwamba huweza kubebwa.

Serikali zilizofuatana zilijitia katika jambo hili mara kwa mara. Katika miji ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, baada ya Vita Kuu ya Pili, vituo vya kufundishia wanawake wa Kiafrika ushonaji, upishi na utunzaji wa nyumba vilikwenda mpaka majumbani kuona mafunzo yanavyofuatwa. Mwafrika aliyetaka kadi ya ustahili wa kiraia, iliyoanzishwa mwaka 1948, au hadhi ya kuandikishwa kama mstaarabu kuanzia mwaka 1952, alikaguliwa nyumbani kwake mpaka vijiko. Barza iliyopambwa ikawa cheti. Kisha katika miaka ya 1970 Zaire ya Mobutu ilileta Salongo, kazi ya lazima ya pamoja, ambapo kila mwenye kiwanja alitakiwa kufyeka na kufagia mbele yake. Tanzania ya wakati huo huo iliendesha mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo ilifikia watu wapatao milioni mbili na kuhimiza vyoo na nyua safi. Kampeni hiyo ilijenga zaidi kuliko Salongo, kwa kuwa ilifundisha kabla ya kuamuru. Hata hivyo hakuna afisa aliyepata kumwamuru mtu apande dalia. Hapo ndipo penye mpaka: ua hufagiliwa hata kwa kuogopa faini, lakini ua la dalia hupandwa na mtu anayetazamia kuwapo litakapochanua.

Na kutazamia huko ndiko kulikopata taabu. Uhuru wa 1960 ulifuatiwa Masisi na vita vilivyoitwa vya Kanyarwanda, kati ya 1963 na 1965. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya Juni 1981 iliupokonya, ikidai kwamba raia awe wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya Kongo mwaka 1885. Katikati yake, sheria ya ardhi ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya dola, na mashamba ya walowezi yaliyotaifishwa kuanzia Novemba mwaka huo yakaangukia mikononi mwa wakubwa wenye jamaa Kinshasa. Mkulima mdogo, awe Mhunde au Mnyarwanda, alijikuta amebanwa kati ya hati asiyokuwa nayo na ranchi iliyozungushiwa waya.

Tuzingatie maana ya jambo hili kwa uzio wa miti hai. Mbele ya wazee wa kijiji mti ni shahidi. Umuhati huwekwa mpakani kwa sababu hauondoki kwa urahisi, na unene wa umuko wa mlangoni hueleza ni kizazi gani kiliupanda. Mtu ambaye baba yake alishuka na msafara wa MIB mwaka 1938 angeweza kuonyesha irembo lake na kusema: hesabu. Sheria ya 1981 haikuhesabu miti. Ilidai mwaka ambao hakuna uzio wa mhamiaji ungeweza kuufikia. Kwa upande wa pili, mzee wa Kihunde aliyeutazama uzio uleule aliona ndani yake ardhi ya ukoo wake iliyofungwa kwa miti ya watu wengine. Kadiri ulivyopendeza ndivyo ulivyomuuma. Pambo moja, masomo mawili. Sheria ya Novemba 2004 ilikuja kuwatambua waliokuwapo wakati wa uhuru, lakini kabla yake mengi yalikuwa yametendeka.

Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu waliuawa na watu wapatao robo milioni wakayahama makwao. Mwaka uliofuata mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, wakiwamo waliofanya mauaji ya kimbari, waliingia Goma na kujaa Mugunga, Kibumba na Katale, na katika miaka ya 1995 na 1996 Watutsi wa Masisi walifukuzwa kwenda Rwanda, ambako kambi ya Kiziba ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996. Nyumba zilibomolewa kwa mpango: bati kwanza, kisha milango, kisha miti ya kuni. Kilichobaki mara nyingi kilikuwa ni jukwaa la barza na uzio, kwa sababu udongo uliogandamana na mnyaa havina mnunuzi. Hapo ndipo mfano wa Pate unapotujia tena, ila kwa tofauti moja kubwa. Wenye majumba ya Pate walikuwa wamekufa. Wenye barza za Masisi walikuwa hai, katika mahema, na walijua kwa majina kila mti uliobaki.

Lazima tuutaje hapa mkondo mwingine wa neno letu. Mwaka 1998, katika vita vya pili vya Kongo, wawakilishi wa makabila ya Kivu ya Kaskazini, Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanande, Wanyanga na wengineo, waliunda chombo cha usuluhishi kilichoitwa Barza ya jamii zote, maarufu kwa jina lake la Kifaransa, Barza Intercommunautaire. Chombo hicho kilisikiliza migogoro, hasa ya ardhi, na kwa miaka michache kilizuia mambo mabaya zaidi. Kufikia katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii kilikuwa kimedhoofika, kwa kuwa viongozi wake walivutwa na siasa za makabila yao wenyewe. Sisi tunaojishughulisha na lugha tunaona jambo ambalo wanasiasa hawakulazimika kuliona: katika jina hilo maana zote mbili za Steere, kiti na kikao, zilikutana tena baada ya kutengana kwa karne nzima. Waliochagua jina walitaka watu waketi kama majirani wanavyoketi chini ya upenu mmoja. Ugumu ni kwamba barza ni ya mwenye nyumba, na swali lililowaleta pale lilikuwa ni nyumba ya nani.

Vita vilivyoanza upya mwishoni mwa 2021 vilifika Mushaki na Karuba mwaka 2023, na safari hii tena watu wa milima hiyo walishuka Sake na kwenda kukaa katika kambi za pembezoni mwa Goma, zikiwamo Bulengo na Lushagala. Katika kambi kama hizo pamba la mbele ya nyumba hurudi kwenye vipimo vyake vya mwanzo: mstari wa mawe ya volkeno mbele ya kibanda cha turubai, mlango uliotengenezwa kwa mikebe ya mafuta ya msaada iliyonyooshwa kwa nyundo. Ni rahisi kumwonea huruma mtu anayepanga mawe mbele ya turubai. Tungesema afadhali tumsome. Anaonyesha mahali ambapo mpita njia hukoma na mgeni huanza, jambo ambalo turubai lenyewe haliwezi kulionyesha.

Baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi hizo zilivunjwa Februari na wakazi wake wakaamriwa kurudi vijijini. Wengi wa waliopanda kwenda Masisi walikuta nyumba hazina paa, na wengine hawakukuta nyumba. Miti ya uzio iliyokatwa ilikuwa imechipuka, maana mnyaa hukatwa ukarudi, na kwa hiyo viwanja viliweza kutambulikana. Lakini Februari imeelekeana na mvua za Machi. Mtu aliyerudi wakati huo angeweza kusimamisha nguzo, kufuma fito na kufunika juu kwa turubai alilorudi nalo kutoka kambini. Udongo wa kusiriba usingekauka. Ukuta wa mbele, pamoja na nyeupe yake ya juu na ukanda wake mweusi wa chini, ilibidi ungoje kiangazi cha Juni.